Ndege Wanajua Majira Yao, Sisi Je?



Somo letu leo ni Yeremia 8:7. Fungua Biblia usome kwanza, halafu turudi hapa. Nabii anawatazama ndege wahamao: wanajua majira yao ya kurudi. Watu wa Mungu ndio wameisahau njia yake.

Mimi mstari huu nimeuelewa zaidi nikiwa na darubini mkononi. Hapa Chicago ninakoishi kuna bustani ya Montrose Point, kando ya Ziwa Michigan. Asubuhi za mwezi Mei vichaka vyake hujaa ndege wanaotoka kusini kwenda kuzaliana kaskazini. Yuko mmoja dume mwenye kofia nyeusi, uzito wake gramu kama 12 tu, na huyo ametoka Amerika Kusini! Wengi husafiri usiku, na nyota huwasaidia kujua njia. Kukipambazuka wanashuka kupumzika na kula wadudu.

Shida ni taa za mjini. Zinawavuta na kuwachanganya, wanagonga vioo, wanakufa. Tarehe 5 Oktoba 2023, wakati wa kurudi kusini, karibu ndege 1,000 walikufa kwa siku moja kwenye jengo moja la hapa, McCormick Place. Safari waliijua, nguvu walikuwa nazo. Mwanga ndio uliowapoteza.

Hapo somo linatugusa. Wengi wetu njia tunaijua: sala, Misa, kitubio. Ila usiku wa manane simu inawaka, huyu anaonyesha maisha ya kifahari, yule anaahidi pesa za harakaharaka, na sisi tunabaki tunazunguka palepale mpaka alfajiri.

Tusikate tamaa lakini. Mwaka 2024 vioo vya jengo lile viliwekewa nukta ndogondogo ili ndege wavione, na vifo vikapungua sana. Badiliko dogo liliokoa wengi.

Zoezi la wiki hii:

1. Chagua saa ya kuzima simu usiku, uishike. Dakika 5 za mwanzo ziwe za sala.
2. Zima taa za nje zisizohitajika. Papa Fransisko alitukumbusha katika Laudato Si' (2015) kwamba viumbe hawa ni wa Mungu.
3. Jiulize: ni mwanga gani unaonizungusha?

Tusali: Ee Bwana, uliyewapa ndege njia angani, utuongoze nasi tufike kwako. Amina.