Taima Ikiwasha, Breka Inakata

Mdogo wangu wa Igurwa, ujumbe wako nimeusoma mpaka mwisho, na picha ya ile taima nimeikuza hadi nikaziona namba za matundu. Una kuku wa mayai, umenunua taima ya kufunga kwenye DB, lile sanduku la breka, ili taa za banda ziwake zenyewe alfajiri, na kila ikifika saa kumi breka inakata. Unaamka gizani, unaizima taima, unanyanyua breka, unarudi kulala. Sasa jirani kakushauri uitoe breka ya 10 uweke ya 32 ili isisumbue.

Usiweke. Hilo nalisema kabla hata hatujasalimiana vizuri.

Breka inalinda waya. Waya wa 1.5 unaopeleka umeme kwenye taa huwekewa breka ya ampea 6 au 10 kwa sababu kiasi hicho unakibeba bila kuchemka. Ukiuwekea breka ya 32, siku umezidiwa mzigo utachemka, plastiki itayeyuka, na breka itakuwa imetulia tu inakuangalia. Banda lako ni la mbao, chini kuna maranda. Sihitaji kuendelea.

Tena piga hesabu kidogo. Taa zako nane za wati 9 ni wati 72. Kwa umeme wetu wa volti 230, hiyo haifiki hata theluthi moja ya ampea. Hakuna breka inayoelemewa na mzigo huo. Kwa hiyo ugonjwa hauko kwenye udogo wa breka, uko kwenye namna waya zilivyofungwa.

Wengi huniandikia "breka inakata" halafu basi. Mimi swali langu la kwanza huwa ni moja: inakata lini? Ikikata palepale unaponyanyua meni swichi, shoti iko kwenye waya zinazotoka kwenye breka hiyo. Ikikata siku za mvua tu, kagua holda za nje na viungio vilivyofungwa tepu juu ya bati, maji yameingia. Ikikaa dakika kumi na tano ndipo ikate, kuna mzigo mkubwa au skrubu iliyolegea inayochemka. Yako inakata sekunde ileile taima inapobofya kuwasha. Na kuna jambo uliloliandika kwa kupita tu, katikati ya habari za bei ya pumba: kwamba tangu fundi aondoke, taa za banda zinawaka hata mchana.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Taima uliyonunua ina matundu matano. Kwenye nyingi za aina hiyo, tundu namba 1 na 2 ni za kuilisha taima yenyewe, laivu na nyutro, ili saa yake itembee. Namba 3, 4 na 5 hazina umeme wowote wa kwao. Ni kama komeo la mlango: linafungua njia na kuifunga, halitoi kitu. Namba 3 ni ya kuingilia, 5 ni ya kutokea taima inapowasha, na 4 ni ya kutokea taima inapozima. Lakini usinishike kwa namba zangu, kampuni hutofautiana. Mchoro mdogo uliochapwa ubavuni mwa taima yako ndio wenye kauli ya mwisho, nao ni mafundi wachache sana wanaousoma.

Fundi wako bila shaka amezoea taima za matundu manne, zile ambazo laivu na nyutro zinaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili zikiwa tayari na umeme. Akadhani na hii ni hivyohivyo. Akafunga waya mbili za taa kwenye 3 na 5. Taa hazikuwaka. Akaona "hazijapata moto", akavuta kipande kutoka 1 kwenda 3 na kingine kutoka 2 kwenda 5. Taa zikawaka, akachukua hela yake akaondoka. Kwenye picha yako vipande hivyo vinaonekana, kimoja cha kahawia na kimoja cha bluu. Taa zinakula umeme moja kwa moja mchana kutwa, taima haihusiki. Saa kumi ikifika, swichi ya ndani inaunganisha 3 na 5, yaani laivu na nyutro zinagusana uso kwa uso. Hiyo ni shoti kamili, na breka yako imekuwa ikikuokoa kila alfajiri.

Dawa yake ni fupi. Kile kipande cha bluu kati ya 2 na 5 kitolewe. Nyutro iende 2, na nyingine iende moja kwa moja kwenye taa. Isikanyage kabisa 3, 4 wala 5. Laivu iingie 1, kipande kifupi cha waya wa unene uleule kitoke 1 kiende 3, halafu kutoka 5 waya wa laivu uende bandani. Tundu namba 4 libaki wazi. Ethi haipiti kwenye taima hata siku moja. Ikiwa nyumba yako ina waya za rangi za zamani, nyekundu ndiyo laivu na nyeusi ndiyo nyutro, ila usiamini rangi ya mtu usiyemjua, pima.

Na kupima kwenyewe kuna utaratibu. Zima meni swichi, siyo ile breka ndogo peke yake, na mtu mwingine asimame karibu ili asije mtoto akainyanyua. Tesita uijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme uone inawaka, ndipo uipeleke kwenye waya uliozimwa. Tesita mbovu na waya usio na umeme vinaonyesha kitu kilekile: giza.

Wengine mtaniambia breka ndogo haikukata, iliyokata ni ile pana yenye kitufe cha T. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Nyingi zikiona tofauti ya miliampea 30 tu zinakata. Kwa hiyo fundi akichukua laivu sebuleni na nyutro ya banda akaiazima kwenye laini nyingine isiyopita hapo, itakata taa zikiwaka tu, hata kama hakuna shoti. Laivu na nyutro zote zipite kwenye breka hiyohiyo pana.

Mwenye pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki naye asikilize. Taima imeandikwa ampea 16, lakini hiyo ni kwa vitu kama hita. Mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na visahani vya ndani ya taima vitaungua au kung'ang'aniana. Weka kontakta, taima iamrishe kontakta, kontakta ndiyo ibebe pampu.

Tukirudi kwa kuku. Saa ya taima haijui Kiswahili: saa kumi alfajiri kwake ni 04:00, na ukiandika 10:00 taa zitawaka kuku wakiwa nje wanachakura. Kwetu Karagwe na Kyerwa jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Washa 04:00, zima 07:15, kuku wamepata saa kumi na tano za mwanga, zinawatosha. Jioni waachie giza liingie taratibu wapande vichanja vyao. Taa ikizimwa ghafla usiku wanabaki chini wamebanana. Na sisi wa Kagera, tuliolelewa na umeme uliotoka Uganda kupitia Masaka, tunajua kukatika. Taima ya duara la kuzungusha isiyo na betri husimama umeme ukikatika na kuchelewa kwa saa hizohizo, basi kila umeme ukirudi itazame.

Mliounganishwa kwa ile ada ya shilingi 27,000 ya vijijini, kumbukeni kwamba waya za ndani ni mzigo wa mwenye nyumba. Mita ya LUKU na lakiri yake ni mali ya TANESCO, msiziguse. Kama mkono wako hauna uzoefu, nunua taima ya kuchomeka kwenye soketi, haihitaji bisibisi. Na ukiita fundi wa kurekebisha hii, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EWURA kabla hajafungua kifuniko cha DB. Mwenye nayo hataudhika.