Upepo wa Jua na Uga Sumaku wa Dunia

Ukiwa Fukayosi, ukashika dira mbali na mabati na nondo, sindano yake hutulia ikielekea kaskazini. Inafuata uga sumaku wa Dunia, ambao katika sehemu hii ya Bagamoyo una ukubwa wa takriban nanotesla 33,000. Uga huohuo huenea hadi angani na kufanya ngao iitwayo magnetosfia. Upande wa mchana, ukingo wa ngao hiyo uko takriban kilomita 65,000 kutoka kitovu cha Dunia.

Upepo wa jua ni mkondo wa protoni na elektroni kutoka kwenye Jua, kwa kawaida wenye kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Hubeba pia uga sumaku wa Jua, na hapa ndipo wengi hupoteza alama: hutaja kasi, husahau mwelekeo. Uga unaobebwa ukielekea kaskazini, kama ule wa Dunia kwenye ukingo wa mchana, nishati kidogo tu hupenya. Ukielekea kusini, mistari ya uga iliyo kinyume hukatika na kuungana upya, na mlango hufunguka. Mwingereza James Dungey alieleza jambo hili mwaka 1961.

Mlango ulifunguka sana kuanzia tarehe 10 Mei 2024, yapata saa 2 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Chembe zilizonaswa ziliimarisha mkondo wa umeme unaozunguka Dunia juu ya ikweta kuelekea magharibi. Tumia kanuni ya mkono wa kulia: vidole vikifuata mkondo, dole gumba huelekea kusini, kinyume na uga wa Dunia. Kwa hiyo uga maeneo ya karibu na ikweta hupungua. Safari hiyo ulipungua kwa takriban nanotesla 400.

Swali: Upungufu huo ni asilimia ngapi ya uga wa Fukayosi? Je, dira ingeuonyesha?

Jibu: 400 ÷ 33,000 × 100 = 1.2% hivi. Hapana. Dira huonyesha mwelekeo. Ukubwa hupimwa kwa magnetomita.

Angalizo: Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilikatika nchini. Usiandike kwamba dhoruba ya Jua ndiyo iliyosababisha. Chanzo kilikuwa hitilafu ya nyaya za baharini za EASSy na Seacom. Siku zilikaribiana tu.