Kujinyima Chakula na Dawa ya Wenzi

Wako watu wanaojinyima chakula hali chakula kipo. Si kufunga kwa ajili ya dini, wala si umaskini, wala si deko. Ni ugonjwa, nao huitwa anoreksia. Daktari Mwingereza, William Gull, aliupa jina hilo mwaka 1873. Mgonjwa huogopa kunenepa hata akiwa amekonda, na moyo wake waweza kudhoofika hata akafa. Huwapata wasichana zaidi, lakini wavulana pia hawakuachwa.

Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita, ili wataalamu wajue namna ya kuwaponya watu walioteswa na njaa ya vita. Hawakuwa na anoreksia. Hata hivyo, njaa ilipozidi, waliwaza chakula mchana kutwa, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga na rafiki zao. Basi twajifunza ya kwamba mgonjwa hajitengi kwa kiburi. Njaa yenyewe humtenga. Naye akiisha kujitenga, hapana wa kuona kwamba hali.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni chakula, chini ya uangalizi wa daktari. Dawa ya pili ni watu. Katika miaka ya 1980, madaktari wa hospitali ya Maudsley, London, waliwafundisha wazazi kukaa mezani na mtoto wao, bila kumlaumu, mpaka ale.

Je, kuwasaidia wengine huponya? Hapa yataka uangalifu. Mimi nalipatwa na ugonjwa huu nilipokuwa Kidato cha Pili. Bwaloni nilikuwa nikigawa chakula changu kwa jirani, nikasifiwa ukarimu. Kumbe yale yalikuwa maficho yangu. Nilipoanza matibabu, matroni aliniweka meza moja na wageni wa Kidato cha Kwanza, akaniagiza nile pamoja nao. Mmoja, aliyekuwa akililia kwao, alikataa ugali. Akaniambia, "Dada, ukila nitakula." Nikameza tonge, naye akameza.

Sikupona siku ile. Nalitibiwa mwaka mzima. Lakini tangu siku ile nilikuwa na mtu wa kuningojea mezani.

Wenzangu, mkimwona mtu anakimbia bwalo, msimcheke, wala msiutaje unene wala wembamba wake. Kaeni naye, mkamwarifu mwalimu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne