KODI YA MSHAHARA NA KODI ILIYOJIFICHA KATIKA BEI



Kiwandani na shambani tunasikia mara nyingi neno hili: "Mimi silipi kodi, mshahara wangu ni mdogo." Somo la leo linaonyesha kwamba neno hilo ni nusu tu ya ukweli.

Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa. Wakati wa Wabelgiji ilidaiwa kwa fedha, na mtu wa mlimani fedha angezipata wapi? Wengi walivuka mpaka kwenda kufanya vibarua katika mashamba ya Uganda na Tanganyika. Kodi ile ilijaza hazina, na papo hapo iliwatoa watu makwao kwenda kutafuta kazi ya mshahara.

Siku hizi kodi za serikali hukusanywa na Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR), iliyoundwa mwaka 2009. Kodi ya mshahara huikata mwajiri kabla hujashika faranga zako. Sheria ya mwaka 2013 ilipanga ngazi hizi: faranga 150,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi, zinazofuata mpaka 300,000 hutozwa asilimia 20, zinazozidi hapo, asilimia 30. Kwa hesabu hiyo, mwenye mshahara wa kutozwa wa 250,000 hatozwi kwa fedha zake zote, bali kwa zile 100,000 zilizozidi: anakatwa 20,000. Wengi hukosea hapa. Wa 400,000 anakatwa 60,000. Makato ya INSS si kodi. Hayo ni ya pensheni yetu, yasichanganywe.

Sasa tuje kwenye kodi isiyoonekana. Tangu Julai 2009 tuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Kitu kinachotozwa chenye bei ya faranga 1,000 kinauzwa 1,180. Kiwanda na muuzaji wa jumla huilipa wanaponunua, lakini huitoa katika ile wanayoitoza wanapouza. Mnunuzi wa mwisho hana wa kumrudishia. Huyo ni sisi. Ongezeni ushuru wa forodha wa shehena zinazoshuka bandarini Bujumbura, na ushuru wa bia. Anayekunywa chupa mbili jioni ameichangia hazina, ingawa hakuna anayemshukuru.

Kodi ya mshahara hukuuliza unapata kiasi gani, hii haiulizi. Mchuma chai wa Teza na mkurugenzi wa benki wakinunua mche uleule wa sabuni, hulipa kodi ileile. Lakini mchuma chai humaliza karibu mshahara wake wote dukani.

Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali, mpaka Februari 2022. Msaada ukikatika, hazina hutazama nyumbani. Hatupingi kodi, maana mishahara ya walimu na wauguzi hutoka humo. Tunachouliza ni hiki: ikipandishwa, ipandishwe ipi?

Kwa kikundi cha masomo: kila mmoja alete karatasi yake ya mshahara. Tafuteni mstari wa kodi na mstari wa INSS, mpige hesabu kwa ngazi zinazotumika sasa. Kisha mwandike vitu vyote vilivyonunuliwa nyumbani kwa juma moja, mlinganishe.