Kidhibiti mwendo katika gari la kikundi: kuchagua, kufunga na kukilinda

Vikundi vingi vya pwani vilivyoanza na kuku, kisima au kinu cha kusaga sasa vimefikia kununua gari. Vingine vina matatu ya abiria 14, vingine vina lori dogo la kubeba nazi, mihogo na vitunguu kwenda soko la Kongowea. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini gari hilo si la mtu mmoja. Likipinduka, hupinduka na akiba ya watu thelathini, mbali na roho za waliomo ndani.

Katika somo hili tutaangalia kifaa kidogo ambacho vikundi kadhaa vimetuuliza habari zake: kidhibiti mwendo, au spidi gavana kama makanga wanavyoiita. Wengi hukinunua Makupa, kwa kuwa ndipo magari ya bara yanapoingilia kisiwani, na maduka ya vipuri na mafundi hawako mbali. Ukifika pale na pesa mkononi bila kujua unachotaka, utauziwa kile kilichobaki kwenye rafu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, maana madukani huchanganywa. Kidhibiti mwendo ni kama dari ya nyumba. Chini yake unatembea utakavyo, lakini kuipita huwezi. Dereva anakanyaga mafuta mwenyewe, na gari likifika kilomita 80 kwa saa kifaa kinakataa kuongeza. Kruzi kontroli ni kitu kingine kabisa. Hiyo hushika mwendo. Dereva akifika mwendo autakao anabonyeza kitufe, anaondoa mguu, na gari linaendelea vilevile mpaka akanyage breki. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kruzi yake "inafanya kazi ya gavana pia", mwombe akuonyeshe ni kitu gani kitamzuia dereva kukanyaga mafuta kupita pale alipoiweka. Kwa kruzi ya kawaida hakuna kitu kama hicho. Ukikanyaga, gari linakwenda.

Kruzi ina historia nzuri, tuitaje kidogo. Aliyeibuni ni Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni. Husimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye kila akizungumza huku akiendesha, gari lilikwenda kwa kushtuka-shtuka. Teetor alipewa hati ya ubunifu wake mwaka 1950, na magari ya kwanza kuuzwa na kifaa hicho yalikuwa ya Chrysler ya mwaka 1958. Asiyeona ndiye aliyeuhisi mwendo mbaya kuliko aliyeshika usukani. Abiria wetu wa kiti cha nyuma wanalijua hilo sana!

Sasa sheria. Mwaka 2003, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, serikali ilitoa Tangazo la Kisheria nambari 161, lililoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Ndizo zile tulizozoea kuziita sheria za Michuki: mikanda ya viti, mstari wa manjano, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wenye kukumbuka siku zile wanajua jinsi watu walivyotembea kwa miguu kwenda kazini, maana matatu nyingi zilikuwa bado hazijafungwa vifaa. Agizo la kidhibiti lilihusu magari ya abiria na magari ya biashara ambayo uzito wake yakiwa matupu unazidi kilo 3,048. Utekelezaji ulilegea baadaye, na serikali ikaukaza tena Novemba 2018. Siku hizi mwenye mamlaka juu ya jambo hili ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ile NTSA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Basi, kikundi chenye matatu hakina hiari, kidhibiti ni lazima. Kikundi chenye lori kiangalie kwanza uzito wa gari tupu katika karatasi zake. Kikundi chenye pikapu ndogo sheria hii haikigusi, lakini hakuna anayewakataza kuweka dari, na sisi tungeshauri muweke, hasa kama dereva ni kijana.

Wapo watakaosema, kilomita 80 ni polepole, tutachelewa sokoni. Tufanye hesabu pamoja. Safari ya kilomita 100 kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 75. Kwa mwendo wa 100 huchukua dakika 60. Mmeokoa robo saa, tena kama barabara ni nyeupe, na kutoka Mariakani kuja mjini si nyeupe hata siku moja. Sasa tazama upande wa pili. Gari lililo kwenye mwendo wa 80 hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto barabarani, mpaka mguu ufike kwenye breki, sekunde moja imekwisha na mita 22 zimekwisha. Halafu breki zishike. Kama gari lenu linahitaji mita 40 kusimama kutoka mwendo wa 80, basi kutoka mwendo wa 100 litahitaji zaidi ya mita 60, kwa sababu nguvu ya mwendo haiongezeki kwa kujumlisha bali kwa mwendo kuzidishwa kwa wenyewe. Ongeza mzigo wa vitunguu na tairi zilizoisha, halafu fikiria mwenyewe.

Tuje kwenye kuchagua. Kitu cha kwanza kutazama ni karatasi, kabla ya kifaa chenyewe. Kiwango cha Kenya cha vifaa hivi ni KS 2295, na kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018 kilitaka kifaa kihifadhi kumbukumbu ya mwendo na kuituma, si kuzuia mafuta tu. Vile visanduku vya zamani visivyo na kumbukumbu bado huzunguka mikononi mwa watu kwa bei rahisi. Bei hiyo ni mtego, maana gari halitapita ukaguzi na mtanunua mara ya pili. Katibu aende NTSA kwanza, aulize aina zilizokubaliwa na wafungaji walioidhinishwa, aandike majina, ndipo msafara uelekee Makupa. Mkifika, ulizeni cheti kitaandikwa nambari gani. Kinapaswa kubeba nambari ya kifaa pamoja na nambari ya gari lenu. Cheti kitupu ambacho "mtajaza wenyewe nyumbani" mkiache hapohapo mezani.

Kitu cha pili ni injini yenu. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida hufungwa vali kwenye mpira wa mafuta, au mkono mdogo wa umeme unaovuta waya wa eksileta. Magari mapya ambayo eksileta yake ni ya umeme hufungwa kifaa kati ya pedali na kompyuta ya injini. Kimoja hakifai mahali pa kingine. Mwenye duka asiyekuuliza gari lako ni la mwaka gani wala injini gani, tayari umeshamjua.

Siku ya kufunga, msimpe dereva pesa na kumwacha aende peke yake. Watume watu wawili wa kamati, na angalau mmoja awe mwenye macho ya kuuliza. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Mtazameni anavyounga nyaya. Hapa kwetu hewa ina chumvi ya bahari, na waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe hula kutu ndani ya miezi michache. Kisha kifaa kinakatakata mafuta katikati ya barabara, na dereva anapata kisingizio cha kuking'oa. Viungo vichomewe risasi na kufunikwa vizuri. Waya wa moto uwe na fyuzi yake. Waya wa ardhi ufungwe kwenye chuma kilichosuguliwa rangi, si juu ya kutu. Nyaya zipite mbali na bomba la moshi. Mwisho sili ipigwe mkiwa mnaona, na mweka hazina apige picha ya sili hiyo kwa simu.

Kuna jambo ambalo mafundi wachache hulitaja. Kifaa cha kawaida hujua mwendo kwa kuhesabu mizunguko inayotoka kwenye gia boksi au kwenye gurudumu. Hakijui ukubwa wa tairi. Mkibadilisha tairi na kuweka kubwa zaidi kwa sehemu moja ya kumi, kifaa kitasoma 80 na gari litakuwa kwenye 88. Kwa hiyo kila mkibadilisha saizi ya tairi, rudini kwa mfungaji apime upya. Njia rahisi ya kukagua ni simu yenye setilaiti. Mtu asiye dereva aishike, alinganishe mwendo wa simu na mwendo wa saa ya gari.

Majaribio msiyafanye pale Makupa. Kutoka kwenye mzunguko hadi daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 mahali pa lile tuta la zamani, na mbele yake Changamwe, msongamano hautawaruhusu kufika hata 60, na isitoshe mwendo wa mjini kisheria ni 50. Nendeni na fundi mpaka barabara ya wazi huko bara, gari likiwa tupu, asubuhi, barabara ikiwa kavu. Likifika 80 linapaswa kukataa polepole, kama mtu anayeshikwa mkono. Likishtuka au injini ikizima, rudini gereji.

Kisha dereva afundishwe mambo mawili. La kwanza, kidhibiti si breki. Kinazuia mafuta tu. Mkiteremka kutoka Mazeras na mzigo, uzito wenyewe utalisukuma gari lipite 80 na kifaa kikae kimya. Mteremkoni ni gia ya chini, kama zamani. La pili, kulipita gari jingine. Dereva aliyezoea kuongeza mafuta katikati ya kulipita lori atakuta mguu umefika sakafuni na gari haliongezi, huku basi linakuja mbele. Anayeendesha gari lenye dari asianze kulipita gari linalokwenda 70. Abaki nyuma.

Kwa wale wenye pikapu wanaotamani kruzi kwa ajili ya safari za Voi, maneno ni machache. Katika barabara ndefu iliyonyooka na kavu inapumzisha mguu na kupunguza matumizi ya mafuta kidogo. Kisiwani haina kazi. Kwenye mvua izimwe, maana gurudumu likiteleza kifaa kinaweza kuendelea kutoa mafuta. Wakati wa kuifunga, hakikisheni swichi mbili zimeunganishwa: ya breki na, kwa gari la gia za mkono, ya klachi. Bila ya klachi, dereva akiikanyaga injini italia kwa nguvu. Na kuna kruzi zinazotegemea balbu za taa za breki ili zijue breki imekanyagwa. Balbu zikiungua zote, au mkiweka taa za kisasa za aina nyingine, kruzi inaweza kukataa kufanya kazi, au kukosa kujua kwamba dereva anataka kusimama. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma atazame taa. Kruzi isiyozimika mara moja breki inapoguswa ifunguliwe siku hiyohiyo.

Tumeacha kwa makusudi jambo gumu liwe la mwisho. Ni ile swichi ya siri. Fundi atamnong'oneza dereva kwamba kwa pesa kidogo anaweza kumwekea swichi chini ya dashibodi, polisi akionekana inawashwa, akipita inazimwa. Tukiwa wakweli, mara nyingi dereva hukubali si kwa sababu ya utundu bali kwa sababu ya hesabu ya jioni. Kamati imesema lazima alete kiasi fulani, mafuta yatoke humo, makanga alipwe humo. Saa kumi jioni bado hajafikisha nusu. Kikundi kinachopanga hesabu isiyofikika kwa mwendo wa 80 kimekata sili kwa mkono wake, hata kama koleo alishika mwingine. Sisi tunaona ni afadhali kumlipa dereva mshahara wa mwezi na marupurupu madogo gari likirudi salama, kuliko kumwachia hesabu ya kila siku. Vikundi vingine havitakubaliana nasi, kwa kuwa wanahofia dereva atalala kivulini. Hofu hiyo ina maana. Lakini kifaa kinachoweka kumbukumbu kinaonyesha pia gari lilisimama saa ngapi.

Kwa mazungumzo katika mkutano wenu:

Hesabu ya gari letu ilipangwa na nani, na je, dereva alikuwepo?

Gari letu likiwa tupu lina uzito gani, na tairi zilizopo sasa ni za saizi ileile ya siku kifaa kilipofungwa?

Abiria au mwanachama akiona dereva anapita mwendo, ampigie nani simu, na huyo aliyepigiwa ana ruhusa ya kufanya nini?

Nakala ya cheti iko kwa nani, na akisafiri, inabaki kwa nani?