Soma Umri wa Tairi Kabla ya Kulinunua

Wanunuzi wengi hutazama kashata za tairi pekee. Zikiwa bado na kina, huamini kuwa tairi ni zima. Tunawakumbusha kuwa mpira huzeeka hata tairi likikaa ghalani. Joto, jua na hewa huukausha ukaanza kufanya nyufa, na tairi la namna hiyo laweza kupasuka ghafla gari likiwa katika mwendo mkali.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande mmoja, tazama upande wa pili. Zikiwa zimekwanguliwa, usinunue.

Watengenezaji wengi hushauri tairi libadilishwe lifikishapo miaka 10, hata likionekana zima. Kagua pia tairi la akiba, kwani ndilo husahaulika zaidi. Mwisho, dai risiti iliyoandikwa tarakimu hizo. Itakuwa ushahidi wako ukihitaji kulalamika.