Turubai Safi, Karafuu Safi: Somo la Kusafisha na Kutunza Maturubai ya Plastiki

Msimu wa karafuu kisiwani Pemba mara nyingi huangukia katika miezi ya mvua za vuli. Karafuu huhitaji siku nne au tano za jua kali ili zikauke sawasawa, na siku hizo hazipatikani kwa mfululizo. Jua huwaka asubuhi, wingu hutanda adhuhuri, na kabla ya alasiri mvua imeshanyesha. Kwa sababu hiyo turubai zito la plastiki limekuwa chombo cha lazima katika kila kaya inayoanika. Hutandikwa, hufunika, hubeba na hukinga. Pamoja na kazi zote hizo, ni chombo kinachotunzwa kidogo kuliko jembe au panga.

Kutotunzwa huko kuna gharama. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) hununua karafuu kwa madaraja, na karafuu zenye uchafu, ukungu au harufu ngeni hushuka daraja hata kama zilichumwa vizuri na kuchambuliwa kwa uangalifu. Karafuu hupoteza karibu theluthi mbili za uzito wake zinapokauka, hivyo kila kilo kavu inayofika kituoni imebeba jasho la kilo tatu mbichi. Si jambo la busara jasho hilo lipotee kwa sababu ya turubai chafu.

Somo hili limeandaliwa kwa wakaazi wa wadi zote za Wilaya ya Micheweni, wanaoanika karafuu upande wa Konde na wanaoanika mwani na dagaa katika vijiji vya pwani.

Turubai limetengenezwa kwa nini?

Maturubai mengi yanayouzwa madukani ni ya polietilini, plastiki iliyogunduliwa nchini Uingereza mwaka 1933. Nyuzi zake hufumwa kama mkeka, kisha hupakwa utando mwembamba wa plastiki hiyohiyo pande zote mbili. Nyuzi ndizo zinazobeba nguvu, na utando ndio unaozuia maji. Utando ukikwaruzwa au kubanduka, turubai huvuja ingawa halijachanika.

Aina ya pili ni turubai la PVC, ambalo ni zito zaidi na laini kama ngozi. Hili hutumika sana kwenye magari ya mizigo. Hudumu zaidi, lakini bei yake ni kubwa na si rahisi kulibeba.

Aina zote mbili zina adui mmoja mkubwa, nalo ni jua. Mionzi ya jua hukata polepole minyororo ya plastiki, na turubai lililokuwa laini hukakamaa, huwa jeupe kwenye mikunjo, kisha huanza kutoa nyuzinyuzi na unga. Turubai lililofikia hali hiyo halifai tena kuguswa na karafuu, kwa kuwa vipande vyake huchanganyika na mazao na ni vigumu kuviokota.

Turubai moja, kazi moja

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kutumia turubai moja kwa kila kazi. Jana lilifunika saruji, leo limeanikiwa dagaa, kesho litatandikwa karafuu. Plastiki hunyonya mafuta na harufu. Mafuta ya dagaa hujificha katika mikwaruzo ya utando na hayatoki kwa kumwagiwa maji peke yake. Karafuu nayo ina mafuta yake mengi, ambayo ndiyo thamani yake, na bidhaa yenye mafuta huvuta harufu ya jirani haraka.

Hali ni hiyohiyo kwa mwani, ambao umelimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989 na ambao wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani huachia chumvi na mchanga. Mchanga hukwaruza utando, na chumvi huvuta unyevu hewani, hivyo turubai lililotoka pwani bila kusuuzwa haliwi kavu kamwe.

Kaya yenye uwezo wa maturubai mawili iyatenge: moja la karafuu na nafaka, jingine la pwani. Alama ya rangi kwenye kona hutosha kuyatofautisha. Turubai lililowahi kubeba mbolea ya kiwandani, dawa za mimea au mafuta ya mashine lisitumike tena kwa chochote kinacholiwa, hata likioshwa mara kumi.

Namna ya kusafisha

1. Turubai likung'utwe kwanza likiwa kavu. Watu wawili walishike pembe na kulipeta, kisha lifagiwe kwa ufagio laini. Uchafu mkavu ukilowa hugeuka tope na kukwaruza.

2. Litandikwe mahali tambarare pasipo mawe. Lisiburutwe, kwa kuwa ardhi ya mawe ya matumbawe iliyoenea wilayani hutoboa plastiki kwa urahisi. Libebwe na watu wawili.

3. Limwagiwe maji baridi. Lililotoka pwani lisuuzwe kwa maji matamu mpaka chumvi yote iishe, hasa pembezoni penye pete za chuma, maana chumvi huzila pete kwa kutu.

4. Lioshwe kwa sabuni ya mche au sabuni ya unga kidogo iliyoyeyushwa ndani ya ndoo, kwa kitambaa, brashi laini au usumba wa nazi uliolainika. Waya wa kusugulia masufuria usitumike.

5. Penye ukungu pasuguliwe kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, paachwe kwa muda wa nusu saa, kisha pasuuzwe.

6. Lisuuzwe pande zote mbili mpaka maji yatoke bila povu. Sabuni inayobaki huvuta vumbi na huacha harufu.

7. Lianikwe juu ya kamba nene au ua, kivulini penye upepo, mpaka likauke kabisa ndani na nje. Pindo na pembe hukauka mwisho, na hapo ndipo ukungu huanzia.

Maji ya moto, petroli, mafuta ya taa na dawa ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki, visitumike. Maji ya moto hulegeza utando, petroli na mafuta ya taa huacha harufu isiyotoka, na jiki huharakisha kuchakaa kwa plastiki na nyuzi za kushonea.

Kazi hii ifanyike mbali na kisima, chemchem au bomba la jamii. Maji machafu yenye sabuni yasielekezwe kwenye vyanzo vya maji ya kunywa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa yanafaa sana kwa usafi huu na huokoa maji ya bomba.

Namna ya kutumia wakati wa kuanika

Jamvi la miyaa lina sifa ambayo turubai halina: hupumua. Unyevu wa karafuu hupita katikati ya misuko yake, ilhali juu ya plastiki unyevu hubaki chini ya karafuu. Utaratibu mzuri ni kutandika turubai chini ili kuzuia unyevu wa ardhi, kisha jamvi juu yake, na karafuu juu ya jamvi. Mwenye turubai pekee atandaze karafuu kwa tabaka jembamba na azigeuze mara kwa mara. Kuanika juu ya lami au ardhi tupu kuepukwe.

Mvua ikitishia, karafuu zikusanywe na kufunikwa, lakini turubai lisilazwe moja kwa moja juu yake kwa saa nyingi. Joto la mazao hugeuka matone chini ya plastiki na kuzilowesha upya. Liinuliwe kwa miti au fito ili upepo upite ubavuni. Mvua ikikatika, lifunuliwe mara moja.

Hatari kubwa zaidi ni kurundika karafuu mbichi na kuzifunika usiku kucha. Lundo hupata joto na kuchacha, na karafuu hutoka zimejikunja, zimefifia rangi na kupoteza harufu yake. Hasara hiyo hairekebishiki kwa jua la siku inayofuata. Karafuu mbichi zitandazwe ndani ya nyumba au barazani mpaka asubuhi, na zilizokauka jua la siku moja au mbili ziachwe zipoe kabla ya kufunikwa.

Kwa mwani, turubai ni kinga muhimu dhidi ya mvua, kwa kuwa maji matamu huuharibu ukiwa unakauka. Kuanika juu ya kichanja ndiyo njia bora. Turubai liwekwe tayari pembeni kwa ajili ya kufunika.

Kufunga, kukunja na kuhifadhi

Kamba isikazwe mpaka turubai liwe kama ngoma. Upepo wa kusi au kaskazi ukilipiga turubai lililokazwa sana, pete hung'oka. Iachwe nafasi kidogo. Pete ikishang'oka, kijiwe laini kiwekwe ndani ya pembe ya turubai, plastiki izungushwe juu yake, kisha kamba ifungwe shingoni mwa kifundo hicho. Hushika imara kuliko tundu jipya la kisu, ambalo huchanika kwa upepo wa kwanza.

Turubai likunjwe likiwa kavu, na mikunjo ibadilishwe kila mara ili mahali pamoja pasichoke. Liwekwe juu ya ubao au dari, mbali na sakafu yenye unyevu, mbali na jiko na mbali na jua. Panya hupenda kujenga ndani ya turubai lililokunjwa, hivyo likaguliwe angalau mara moja kwa mwezi.

Tundu dogo lizibwe mapema. Gundi ya kawaida haishiki kwenye polietilini, na wengi hupoteza fedha kwa kuijaribu. Njia ya uhakika ni kukata kiraka cha turubai kuukuu chenye pembe za mviringo, kukunja pindo lake na kukishonea kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Maji yanaweza kupenya kidogo kwenye mshono, lakini mpasuko hauendelei.

Likichakaa kabisa

Turubai lisilofaa tena kwa mazao bado laweza kufunika kuni au lundo la mboji, mradi halijaanza kumomonyoka. Lisichomwe moto. Moshi wa plastiki hudhuru mapafu, na ule wa PVC hutoa gesi kali zaidi. Wala lisitupwe baharini au mikokoni. Lipelekwe mahali palipotengwa kwa taka, na mwenye kutaka kujua mahali hapo katika eneo lake amuulize sheha au diwani wa wadi yake. Maswali kuhusu uanikaji yapelekwe kwa bwana au bibi shamba wa eneo husika.

Mwezi mmoja kabla ya uchumaji kuanza ndio wakati mzuri wa kulitoa turubai darini, kulikagua, kuliosha na kulitia viraka. Wingu likishatanda juu ya uwanja uliojaa karafuu, hakuna tena nafasi ya kutafuta uzi na sindano.